Sanamu Yenye Tarehe ya Kuondoka



Kabla Sanamu ya Uhuru ya New York haijasimama bandarini, watu wa jiji hilo waliujua kwanza mkono wake. Mkono peke yake, wa shaba, umeshika mwenge, ulisimikwa katika bustani ya Madison Square kuanzia mwaka 1876. Mwili haukuwepo, ulikuwa bado unaundwa Paris. Mchongaji, Frédéric Auguste Bartholdi, na wenzake walihitaji fedha za kujenga msingi, wakaona afadhali watu waonyeshwe kipande kimoja ili wavutike kuchangia. Ukilipa kiingilio ulipanda ngazi ndani ya mkono, ukatokea kwenye roshani ya mwenge, ukautazama mji. Mkono ulikaa pale hadi mwaka 1882, ukapakiwa melini kurudi Ufaransa kuungana na mwili wake, na mwaka 1886 sanamu nzima ikazinduliwa mahali ilipo leo.

Bustani ile ni ndogo, kama hekta mbili na nusu tu, imebanwa na majengo marefu pande zote. Shirika linaloitunza, Madison Square Park Conservancy, limekuwa likialika wasanii tangu mwaka 2004 waje kuweka kazi zao kwa miezi kadhaa, kisha waziondoe. Hakuna kiingilio. Mtu anakata njia asubuhi akienda kazini, anakuta kitu ambacho wiki iliyopita hakikuwepo. Mwaka 2010 Mwingereza Antony Gormley alileta sanamu 31 zenye umbo la mwili wake mwenyewe, chache zikawekwa chini na nyingi juu ya mapaa ya majengo ya jirani, pembezoni kabisa. Polisi walilazimika kuwatoa watu hofu kwamba wale si binadamu wanaotaka kujirusha. Mwaka 2022 msanii Hugh Hayden alisimika kwenye nyasi madawati ya shule 100, mengi yameota matawi kwenye kiti na kwenye meza, hata mtoto asingepata pa kuweka daftari.

Lakini kazi ninayotaka tukae nayo zaidi jioni hii ni ya mwaka 2021, ya Maya Lin. Huyu ndiye aliyebuni, akiwa mwanafunzi wa miaka 21, ule ukuta mweusi wa Washington wenye majina ya Wamarekani zaidi ya 58,000 waliokufa katika vita vya Vietnam. Alipopewa Madison Square hakuchonga kitu. Alileta miti 49 iliyokwishakufa, mierezi yenye urefu wa mita 12 hivi, kutoka misitu ya Pine Barrens katika jimbo jirani la New Jersey, akaisimika katikati ya majani. Kazi akaiita Ghost Forest, yaani msitu wa mizimu, jina ambalo watafiti wa huko wamelizoea kwa msitu uliokufa ukiwa bado umesimama.

Kilichoiua ni chumvi. Bahari inapanda, dhoruba zinasukuma maji yake ndani ya mabwawa ya maji baridi, mizizi inakunywa kisichonyweka. Msikilizaji wa Pangani au wa delta ya Rufiji hahitaji kuelezwa maji ya chumvi yakipanda yanafanya nini shambani. Miti aliyoichukua Maya Lin ilikuwa iondolewe hata hivyo, ili msitu uliobaki upate nafasi ya kuchipua. Yeye aliipitisha mjini kwanza.

Sasa angalia jinsi muda ulivyofanya kazi pamoja naye. Miti ilisimikwa wakati bustani inaingia majira ya joto, na maonyesho yakafunguliwa mwezi wa Mei. Miti hai ya bustani ilikuwa imefunga majani, imenenepa kwa kijani, na katikati yake mierezi 49 mikavu, ya kijivu, haina hata jani. Watu wakatandika nguo zao chini, wakala chakula cha mchana kati ya maiti zile. Ikaja Oktoba, ikaja Novemba, na miti hai nayo ikaanza kupukutisha. Kwa wiki za mwisho ungehitaji kutazama mara mbili kujua upi umelala na upi umekufa. Kazi ile ingewekwa huko miaka 20, watu wangeizoea ikawa nguzo za kuegemea baiskeli. Kwa miezi sita ilipita nao majira ya joto na majira ya kupukutika majani, ikaondoka kabla hawajaizoea.

Ilikuwa na sauti pia. Kwa kutumia simu yako uliweza kusikiliza, ukiwa umesimama hapo hapo, sauti za viumbe waliokuwa wakiishi Manhattan na kandokando yake kabla mji haujawa mji: dubu, mbwa mwitu wa kijivu, ndege. Sauti zilitoka katika hazina ya Chuo Kikuu cha Cornell, ambacho maabara yake ya ndege imekusanya rekodi za viumbe kwa miongo mingi. Majina yao yalitajwa kwa Kiingereza na, pale yalipojulikana, kwa lugha ya Walenape, wenyeji wa kisiwa kile kabla ya Wazungu. Teksi inapiga honi Broadway, na sikioni mwako mbwa mwitu analia mahali pale pale alipokuwa akilia babu wa babu yake. Mimi kwa maoni yangu sauti ile ilikuwa nusu ya kazi, ingawa wapiga picha waliisahau, maana sauti haipigwi picha.

Na maonyesho yalipofungwa mwezi wa Novemba? Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mierezi ilishushwa na mbao zake zikapewa Rocking the Boat, kikundi cha Bronx kinachowafundisha vijana kuunda mashua za mbao kwa mikono yao. Mwerezi ule ni mti mzuri kwa mashua, hauozi haraka. Kadhalika miti na vichaka 1,000 vya asili ya eneo lile vilipandwa katika sehemu mbalimbali za jiji, kufidia hewa ya ukaa iliyotokana na kazi yenyewe. Nimeona sanamu nyingi za kudumu ambazo hazijawahi kufikiriwa kwa makini kiasi hicho. Msanii wa kazi ya muda analazimika kujibu swali ambalo wa kudumu halimsumbui: hiki kitu kikitoka hapa kinakwenda wapi?

Turudi kwenye sauti, kwa kuwa mimi na wewe hapa hatuna kingine. Sanaa ya sauti bustanini ni ngumu kuliko sanamu. Sanamu usipoipenda unageuza shingo, unapita. Jicho lina kope, sikio halina. Na majiji yetu yamekwisha kujaa: konda anaita abiria, duka la simu limetoa spika nje, muuza dawa ya mende na panya amerekodi tangazo lake na linajirudia toka asubuhi, muuza aiskrimu wa baiskeli ana wimbo wake, muuza kahawa anagonga vikombe, mchuuzi wa sigara na pipi anachezesha sarafu mkononi. Kila mmoja wao, tuseme ukweli, ni fundi wa sauti. Unamjua kabla hujamwona. Msanii atakayekuja na spika kubwa kushindana nao atakuwa ameongeza kelele tu.

Max Neuhaus wa Marekani alilijua hilo mapema. Mwaka 1977 alificha mitambo chini ya wavu wa chuma wa kupitishia hewa pale Times Square, kwenye kisiwa cha waenda kwa miguu katikati ya magari, ikawa inatoa mvumo mzito, kama wa kengele kubwa iliyokwisha kupigwa. Hakuweka kibao. Maelfu walipita juu yake wakidhani ni treni au bomba. Waliosimama wakasikiliza walikuwa wachache, na yeye alitaka hivyo. Mvumo ulizimwa mwaka 1992, ukarejeshwa mwaka 2002, na haujaondolewa tena. Huo si wa muda tena, ila njia yake ya kuingia mjini bila kupiga hodi ndiyo ambayo wengi wameifuata.

Wako walioifuata kwa kina zaidi. Kule Ujerumani upo mji wa Kassel, ambako kila baada ya miaka mitano hufanyika maonyesho makubwa ya sanaa yaitwayo documenta, siku 100 kamili. Yalianza mwaka 1955 sambamba na maonyesho ya kitaifa ya bustani, katika mji uliokuwa bado una magofu ya vita. Kassel ilikuwa na viwanda vya silaha, kwa hiyo ndege za Washirika ziliilenga. Usiku mmoja wa Oktoba 1943 uliua maelfu ya watu. Kumbuka hilo, linakuja.

Mwaka 2012, mke na mume kutoka Kanada, Janet Cardiff na George Bures Miller, walipewa kona yenye miti katika Karlsaue, bustani kubwa ya kale ya mji huo. Wakafunga spika zaidi ya 30 kati ya miti, nyingine chini, nyingine juu kwenye matawi. Wasikilizaji wakakaa kwenye visiki. Hakukuwa na kitu cha kutazama zaidi ya msitu wenyewe. Kazi ilichukua dakika 28, kisha ikaanza upya.

Unakaa. Upepo unapita kwenye majani, nawe hujui kama ni upepo wa leo au uliorekodiwa. Tawi linavunjika nyuma yako, unageuka, hakuna mtu. Ndege wanaimba, na wengine ni wa kweli, wanawajibu wale wa kwenye spika. Nyayo zinapita karibu. Kisha kwa mbali inasikika ngurumo, inasogea, ni ndege za kivita. Milio ya silaha, milipuko, inapita juu ya kichwa chako katika msitu ambao hakuna jani linalotikisika. Baadaye kwaya inaimba. Ikinyamaza, unabaki na sauti za msitu, usijue tena uamini nini. Sasa mfikirie mzee wa Kassel aliyekuwa mtoto mwaka 1943, amekaa kwenye kisiki kile siku ya Jumapili. Jiwe lenye majina lingemwambia kwamba vita vilikuwepo. Spika zile zingemrudisha ndani ya vita vile. Siku 100 zikaisha, nyaya zikavutwa, miti ikabaki na sauti yake yenyewe.

Hapo najua msikilizaji mmoja ameshika redio anataka kuizima. Anasema: hospitali hazina dawa, barabara ni mashimo, wewe unatuletea habari za miti mikavu na spika. Swali ni halali, na si la hapa kwetu tu. Wasanii Christo na Jeanne-Claude waliomba kibali cha kuweka milango ya vitambaa vya rangi ya zafarani katika bustani kuu ya New York, Central Park. Wazo lilikuwa la mwaka 1979. Mwaka 1981 idara ya bustani ikawakatalia, kwa ripoti nene kama kitabu. Walisubiri, wakapunguza idadi, wakakubali kuweka milango mwezi wa Februari wakati bustani haina watu wengi, na wakabuni vitako vizito vya chuma vya kukaa juu ya njia ili kusichimbwe hata shimo moja ardhini. Kibali kikatoka mwaka 2003. Februari 2005 milango 7,503 ikasimama juu ya kilomita 37 za njia, kwa siku 16. Gharama ilikuwa kama dola milioni 21 na jiji halikutoa senti. Wasanii walilipa wenyewe kwa kuuza michoro yao. Zaidi ya watu milioni 4 walifika. Jiji likatangaza kuwa biashara ilipanda kwa dola milioni 254, hesabu ambayo mimi naipokea kwa tahadhari, maana aliyetoa kibali hukosa kujisifu mara chache sana.

Kwa hiyo hoja ya fedha ina majibu. Hoja inayonisumbua mimi ni nyingine. Bustani nyingi za New York zinazopata kazi za namna hii zimezungukwa na nyumba na ofisi za wenye nacho, na mashirika yanayozitunza huchangisha kwa majirani hao hao. Kiwanja cha mtaa maskini hakina wachangiaji, basi kinabaki na bembea iliyokatika mnyororo. Sanaa ya bure inayopatikana mtaa wa matajiri peke yake ina kiingilio, ila kimelipwa kwa namna nyingine. Tukiiga, tusiige na hilo.

Tena kuna watu wanaodhani sanamu ya kudumu ndiyo sanamu ya heshima, na ya muda ni mchezo. Hebu tuangalie Dar es Salaam. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walisimamisha hapa sanamu ya Hermann von Wissmann, yule aliyeongoza majeshi yaliyowakandamiza watu wa pwani waliosimama na Abushiri. Ilikuwa ya shaba, imekusudiwa kukaa milele. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 ikang'olewa, ikapelekwa London kama nyara. Kutoka London ikapelekwa Hamburg, ikasimamishwa mbele ya chuo kikuu mwaka 1922. Mwaka 1968 wanafunzi wakaivuta kwa kamba ikaanguka. Na Sanamu ya Askari tunayopishana nayo kila siku pale Samora iliwekwa na Waingereza mwaka 1927. Hakuna mwananchi wa mji huu aliyeulizwa, si kwa ile ya kwanza, si kwa ya pili. Aliyetawala aliweka, aliyemfuata akang'oa akaweka yake. Tofauti ya kazi ya muda ni kwamba tarehe ya kung'oa imeandikwa kwenye kibali tangu siku ya kwanza, kwa hiyo hata mambo ya kuudhi yanaweza kuruhusiwa. Mtu hatapigana na kitu kinachoondoka Ijumaa.

Majirani zetu wa Kampala walishajaribu. Tamasha la KLA ART la mwaka 2012 liliwapa wasanii makontena ya meli, yakasambazwa sehemu mbalimbali za jiji. Mwaka 2014 wakageukia bodaboda, kazi ya sanaa ikawa inazunguka mtaani na abiria. Hawakungoja kujengewa jumba la makumbusho.

Hapa kwetu tunao Mwenge, kijiji cha vinyago, mafundi wanaochonga mpingo kwa mikono inayojulikana dunia nzima. Tazama ukubwa wa wanachochonga: sehemu kubwa inaingia ndani ya sanduku la mtalii. Soko ndilo lililokata kipimo. Fundi anayeweza kuchonga nguzo ya ujamaa ya watu 30 waliobebana anachonga twiga wa sentimita 20, kwa kuwa twiga ndiye anayepanda ndege. Mpe fundi huyo bustani kwa miezi mitatu, mwambie achonge kwa ajili ya watu wanaopita kwa miguu, nadhani tutashangaa kuona kilichokuwa kimefungiwa. Sitashauri chuma, mji ambao alama za barabarani zinaishia kwenye mizani ya vyuma chakavu hautaiacha sanamu ya chuma ilale usiku wa pili. Mbao, makuti, ukili, nguo, miti iliyoanguka kwa upepo. Vitu ambavyo vikimaliza kazi vinarudi jikoni au shambani bila lawama.

Ziko pia bustani. Ile ya mimea ya Posta ina umri tangu mwaka 1893. Mnazi Mmoja ipo. Tatizo ni kwamba viwanja vyetu vingi vya wazi vina vibao vinavyokataza kukanyaga majani na mgambo anayekuinua ukikaa. Sanaa ya bustani haiwezi kuanza mahali ambapo raia haruhusiwi kuketi.

Basi namalizia kwa wakurugenzi wa majiji na manispaa, maana bustani ziko chini ya ofisi zenu. Ondoeni kwanza kile kibao cha majani. Kisha toeni tangazo la wazi kwa bustani moja ya katikati ya jiji na kiwanja kimoja cha pembezoni, Temeke au Mbagala, kwa masharti yale yale. Andikeni kwenye kibali siku ya kusimika, siku ya kubomoa, nani anabomoa, na mbao zinakwenda kwa nani. Kwa sanaa ya sauti wekeni saa za kuanza na kuzima, na kiwango ambacho mgonjwa wa nyumba ya jirani anaweza kulala nacho. Na tangazo hilo lifike Mwenge kabla halijafika kwa wafadhili.